Muyama Hatujawahi Kufika

Nyakitonto, Kasulu
Novemba 2015

Mdogo wangu Esteri,

Nakusalimu wewe, shemeji Stanislaus na watoto wote hapo Kibondo. Mshono wako unaendeleaje? Nimesikia umeshaanza kuinama na jembe. Mimi nasema subiri kwanza, mihogo haikimbii. Huku tunaamka. Mvua imeshika, maharage yametoka vizuri, wifi yako analalamika mgongo kama kawaida yake, na Skolastika yuko darasa la tano, amerefuka mpaka sare inamwaibisha. Wote wanakusalimu, ila hawajui ninachoandika.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Ni kwamba kwenye simu nakudanganya. Kila ukipiga unaniuliza kadi yenye sauti ya Mama, na kila ukiuliza nakupa jibu jipya. Kwanza nilisema iko kwa mwalimu. Halafu nikasema sikusikii, mtandao unakata, nikazima simu na chaji ilikuwepo. Juzi juzi nilikwambia kadi imeingia virusi, kuna fundi anaishughulikia. Hakuna fundi, mdogo wangu. Wewe hukumzika Mama kwa sababu ulikuwa umelazwa na lile tumbo, na kitu pekee ulichoniomba ni kumsikia. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikianza na mwisho utachana karatasi.

Huyo mwalimu anaitwa Swaumu. Ni binti wa mjini Kasulu, baba yake anauza vitenge. Alipofika mwaka jana walimpa kipindi cha muziki kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka. Shule haina kinanda, na ngoma iliyokuwepo ilishatobolewa na panya. Yeye akaja na simu yake ya kupangusa. Ndani ya simu kuna vipindi anaviita podikasti. Skola alinieleza kwamba ni kama kipindi cha redio, ila hakipiti hewani. Kinakaa kwenye kadi, unakisikiliza saa unayotaka, unakisimamisha, unarudia. Anaiweka simu ndani ya sufuria ili sauti ikue. Mtu wa mbali huko anaeleza jinsi ngoma inavyowambwa, kisha mwalimu anasimamisha, na watoto wanapiga madumu ya maji wakijaribu kumfuatisha. Baadaye wakaanza kutengeneza kipindi chao wenyewe, wakijirekodi.

Wazazi hatukukipenda. Kwenye kikao, mzee Nestori mwenyekiti wa kamati ya shule alisimama akasema redio ya kawaida ikiwashwa hata mkuu wa wilaya anaisikia, sasa hii isiyopita hewani nani mwingine anaisikia? Mama mmoja akanong'ona kwamba huo ni ufrimasoni, watoto watauzwa sauti. Mwalimu alicheka, akamkaribisha Nestori asikilize mwenyewe. Nestori akajibu kwamba yeye masikio yake yana haya, hayaingizwi waya na mtoto wa kike. Watu wakacheka, kikao kikaisha. Mimi sikucheka. Ufrimasoni siuogopi. Unajua ninachoogopa.

Baada ya Pasaka mwaka huu Skola alikuja na kazi ya nyumbani. Kila mtoto amlete bibi au babu yake aimbe wimbo wa zamani mbele ya simu, kisha aseme alifundishwa na nani na wapi. Nikamuuliza, na wapi? Akasema ndiyo baba, na wapi.

Nikasukuma sahani pembeni. Unamkumbuka Venanti fundi baiskeli. Mwaka 2013, walipokuwa wanasakwa wasio na vibali, tulisimuliwa kwamba hakuanza kwa kuulizwa karatasi. Aliulizwa babu yake amezikwa wapi, na alipokuwa anajibu mtu mmoja alikaa pembeni anasikiliza tu jinsi anavyotamka. Kisha wakampakia kwenye gari, hakurudi. Baiskeli alizokuwa anatengeneza zilikaa kwake zinaliwa na kutu mpaka wenyewe wakajichukulia. Sasa huyu binti naye anataka sauti za wazee, na anataka kujua wapi. Na ni mwezi ule ule ambao watu walianza kuvuka tena kutoka Burundi, magari yanapita hapa yamejaa kina mama na magodoro. Nikasema haya mambo yamepangwa.

Baba alituachia jibu moja la maisha yote, sisi ni Waha wa Muyama, Watanzania wa hapa hapa. Mimi nimelisema shuleni, kanisani, kwa wakwe na kwa afisa mtendaji, mpaka nikawa nalisema bila kuulizwa. Kwa hiyo nilimkataza Skola. Nikamwambia amwambie mwalimu kwamba bibi anaumwa koo.

Kisha nikaanza kumchunga mwalimu. Kila Ijumaa kijana mmoja wa pikipiki alikuja kutoka mjini, na mwalimu alimkabidhi kiberiti. Mtu asiyevuta sigara anagawaje viberiti? Siku moja nilijifanya nafunga kamba za viatu karibu yao, nikaona kiberiti kinafunguliwa. Ndani hamkuwa na njiti. Zilikuwemo zile kadi za simu za kuhifadhia sauti. Nikajisemea, basi, sauti zetu zinakwenda kwa wenye magari waliomchukua Venanti.

Wakati mimi nachunga viberiti, Mama alikuwa na mambo yake. Yale magari ya wakimbizi yalipokuwa yanasimama kunywa maji, alikuwa anatoka na kigoda anakaa karibu, anasikiliza wanavyoongea. Siku nimekwenda kuuza maharage Kasulu, akavaa kitenge chake cha kanisani, akamshika Skola mkono, wakaenda shule. Aliimba ule wimbo wa kumbembeleza mtoto asiyetaka kulala, ule aliokuimbia wewe. Akaulizwa wapi, akajibu. Alisema ng'ambo ya Malagarasi, upande wa Burundi, kwa mama yake, kabla hatujakimbia.

Niliporudi aliniambia mwenyewe, anachambua mchicha. Nilimfokea, Esteri. Nilimfokea Mama. Nilimwambia atatupakiza wote kwenye gari. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Bazilio, mimi Muyama sijafika hata kwa kupita. Nimechoka kutoka huko."

Hakurudia tena kulizungumza. Mwezi wa nane akalala hakuamka, kama ulivyoambiwa. Mwalimu Swaumu alikuja msibani na darasa zima, wakaimba. Hata pale nilikuwa namtazama kama anahesabu nani amekuja na nani analia kwa lugha gani. Mungu anisamehe, kaburi la Mama liko wazi na mimi namtazama mwalimu.

Matanga yalipoisha alikuja nyumbani. Akanipa kiberiti. Akasema hii ndiyo kadi ya Mama, ni hii moja tu, mimi na mdogo wangu tuitunze. Nilimuuliza nyingine ziko wapi. Akasema hakuna nyingine. Nilimwona mwongo wa wazi. Mtu gani anakamata kitu halafu anakirudisha? Alipoondoka niliingia jikoni. Wifi yako alikuwa amebandika maharage. Nilikitupa kiberiti chini ya chungu kama kilivyo, nikasimama mpaka nikasikia harufu ya plastiki. Nilijisemea, zingine siziwezi, lakini hii nimeiua.

Hiyo ndiyo kadi yako, mdogo wangu. Haina virusi. Niliichoma mimi, na sikuisikiliza hata mara moja.

Ulipoanza kuniuliza, nilikwenda shule kumbana mwalimu anitolee nakala, maana niliamini anazo. Nilimkuta yuko na yule kijana wa pikipiki. Kumbe ni kaka yake, anaitwa Saady, anatengeneza simu mjini. Kadi zilikuwa zinakwenda kwake kwa sababu huku mtandao hauwezi kuvuta vile vipindi, yeye anazijaza na kuzirudisha. Nikauliza nakala ya Mama. Mwalimu akasema aliifuta kwenye simu yake siku ile ile ya kuimba, Mama akiwa amesimama pembeni anaangalia, na kwenye kipindi cha watoto haikuwekwa. Mama ndiye aliyemwomba. Alimwambia mwanangu ana woga, haya maneno ni yake na mdogo wake, usimpe mtu mwingine.

Nilikaa kwenye dawati la watoto. Magoti hayakuingia chini, nikakaa upande. Nilimwambia nilichofanya na kile kiberiti. Sikutegemea kumwambia. Alishika mtandio wake, akaniuliza kama wimbo wenyewe naujua. Nikasema siujui. Skola alikuwa amesimama mlangoni na wenzake, akasema, "Baba anauimba akinoa panga."

Mimi sikuwa najua kama nauimba.

Niliwaambia sirekodiwi, nikaondoka. Wiki nzima nilinoa panga nimefunga mdomo. Halafu ukapiga tena, nikakwambia habari za virusi, na wewe ukanipa pole. Ukasema usijali kaka, hata nikiusikia mstari mmoja tu. Ile pole ndiyo iliyonirudisha shule.

Niliimba mbele ya darasa la tano, simu iko kwenye sufuria inaniangalia. Sauti yangu unaijua, ni ya kuitia ng'ombe, na katikati nilisahau nikarudia nyuma. Watoto walipiga madumu taratibu. Nilipomaliza, mwalimu aliuliza nilifundishwa na nani, nikasema Mama. Akauliza wapi. Hapo nikamwona mzee Nestori amesimama dirishani, amekuja kwa mambo yake ya kamati, mikono nyuma. Mwalimu naye akamwona. Akaniambia taratibu kwamba hilo naweza kuliruka. Nilitaka kuliruka, Esteri. Neno Muyama lilishafika kwenye meno. Lakini nikasema ng'ambo ya mto. Nikasema tulivuka mwaka sabini na mbili, mimi nimeshika upindo wa kitenge cha Mama, wewe uko mgongoni kwake. Nikasema na majina yetu tuliyopewa huko, langu na lako.

Nilipogeuka, dirishani hapakuwa na mtu.

Asubuhi yake nilikutana naye njiani kuelekea mashineni kusaga. Kila siku Nestori ananisalimu mwakeye, na mimi naitika mwakeye, kama Waha wote. Safari hii alisimama, akasema, "Mwaramutse, Bazilio." Wewe unajua hiyo si salamu ya hapa, hiyo ndiyo yenyewe ya ng'ambo. Sijui kama alikuwa ananikaribisha au ananionya. Uso wake ulikuwa mkavu kama gome. Mpaka leo nikisikia gari linapunguza mwendo hapo barabarani naacha kutafuna nasikiliza. Lakini nilimwitikia. Nilimwitikia kama Mama alivyokuwa anaitika, na yeye akachukua fimbo yake akaendelea na safari.

Barua hii inaletwa na Melkiadi, anayepeleka nguzo Nduta kule wanakofungua tena kambi ya wakimbizi. Ndani ya kitambaa nilichokishona kuna kadi. Siyo ya Mama, usijidanganye. Ni mimi. Ila Skola anasema pale ninapovuta pumzi ndipo bibi alipokuwa anavuta. Sikiliza ukiwa peke yako kwanza, halafu ukitaka kunitukana nipigie, sitazima simu. Ya Nestori pia niambie unaonaje, wewe ulikuwa na akili kuliko mimi tangu utoto.

Msalimu shemeji, mwambie tumbaku yake nitamtumia maharage yakikauka. Wabusu watoto. Na jembe liweke chini mpaka daktari aseme.

Ni mimi kaka yako niliyekukosea,

Bazilio Ndayikeza

Kwa mdogo wangu Uwimana.