Uwanja wa Bibi Uko Chini ya Bahari

Chumba cha nyuma, kwa Fundi Cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko na baridi yake? Goti lako linaendeleaje? Sisi wazima. Kidoti ameota meno mawili na anamng'ata kila anayemsogelea, baba yake zaidi.

Ulipoandika kwamba utatujengea nyumba kwenye kiwanja cha Bibi cha ufukoni, nililia kwa furaha. Chumba chetu unakijua: kitanda, jiko na karai la nguo vinagombania ukuta mmoja. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, Mjomba, usinikasirikie hapa juu.

Nimepata kazi ya usafi kwenye maabara ya bahari. Napiga deki na kuosha machekeche yao ya mchanga. Mwezi uliopita walileta mabomba ya matope waliyoyatoa chini ya bahari, mkabala na ufuko wetu, kwenye kina cha mita arobaini. Wanayapasua kwa urefu, unaona matabaka yalivyopangana.

Juu kuna matope ya kijivu, upana wa kiganja, yenye vijishimo vya minyoo. Halafu ghafla hakuna kishimo hata kimoja. Ni mchanga: laini juu, wa chengachenga chini yake, chini kabisa kokoto, kila kitu kimetua kwa uzito wake. Nilipoinama kufuta meza nikasikia harufu ya udongo wa bustani ulionyeshewa. Udongo wa bustani, Mjomba, kutoka chini ya bahari. Ndani yake kulikuwa na mizizi ya nyasi na kipande cha kigae chekundu. Nikashindwa kuondoka pale mezani.

Mkuu wa maabara, mama mpole tunayemwita Miwani, aliniambia hilo ni tabaka la tsunami ile iliyotukuta nikiwa na miaka minne, ukanibeba mgongoni. Alisema maji yanaporudi baharini ndipo yanapoikokota nchi kavu, kisha yanailaza kule chini taratibu, kama mtu anayetandika kitanda.

Akanionyesha chini zaidi. Kuna tabaka jingine kama hilo. Na chini yake la tatu, lina vipande vya mkaa.

"Hata hawa walikuwa na jiko," akasema.

Siku hiyo chakula cha mchana nilikirudisha nyumbani.

Nilimweleza mume wangu, akacheka, akasema mkewe siku hizi amehitimu matope. Lakini tangu hapo hajaongelea tena rangi ya milango ya nyumba hiyo.

Najua kwa nini unapataka pale. Bibi hakuonekana tena baada ya maji yale, na ule uwanja aliokuwa akiufagia kila asubuhi ndio kaburi pekee ulilonalo. Lakini haupo pale, Mjomba. Maji yaliuchukua. Nadhani nimeuona juu ya ile meza, una mistari myembamba kama ya ufagio.

Juzi fundi mwashi alichomeka vigingi pale kiwanjani na kufunga kamba. Jana nilikwenda nikaving'oa vyote kumi na viwili. Aliniuliza nimetumwa na nani.

"Nimejituma," nikamwambia.

Kile kiwanja chako kidogo cha kilimani, chenye mawe, kinatosha vyumba viwili. Nikubalie huko. Mawe tutayatoa wenyewe. Ukikataa, tutaendelea kupanga hapa hapa na nitakupenda vile vile, ila kule chini simlazi mwanangu.

Nisalimie mkaza mjomba na mapacha, waambie wana ndugu mwenye meno. Mungu akufunike huko uliko, na akulainishie moyo ukiisoma hii.

Mpwa wako akupendaye,
Mama Kidoti