Tumbo la Ng'ombe na Mashine ya Vinod

Samuye, 9 Oktoba 1994

Mwanangu Mihayo,

Marahaba. Hujaniamkia, najua, nimeitikia mapema tu, maana nikikusubiri wewe nitaota mvi za pili. Huku wazima. Mimi juzi nimeruka ua wa minyaa na ndoo ya maziwa mkononi, halikumwagika hata tone. Uliza watu. Shangazi yako Mageni anakusalimu. Macho tu ndiyo yanamsumbua, mekundu kama pilipili. Kuni hakuna, anapikia mavi ya ng'ombe, na moshi wake unaujua.

Sasa lile neno lako. Eti huko machimboni mmegundua Mungu hayupo, kila kitu kimetokea chenyewe. Hee! Mimi darasa sijakanyaga, kuandika nimejifunzia kisomo cha watu wazima, lakini katekista nimemshinda mpaka akiniona anapita kwenye mihogo. Sikiliza. Vinod pale mjini ana mashine ya kusaga. Mahindi huku, unga kule. Ukisema imeota kama uyoga watu watakufunga kamba. Haya, ng'ombe. Majani huku, maziwa kule. Tumbo lake nimelipasua mara nyingi kuliko ulivyokula ugali: lina vyumba kama nyumba ya Mhindi, kila chumba na kazi yake. Mashine ya Vinod, inayokufa kila wiki, ina fundi, halafu ng'ombe ndiye kajiunda? Hakuna kitu kisicho na aliyekipanga. Hata kimoja. Jibu, msomi wa darasa la saba.

Mdogo wako Stanslaus asishuke shimoni na njaa.

Baba yako,
Masele

Bulyanhulu, 20 Novemba 1994

Baba, shikamoo.

Tuko wazima, Stanslaus anakula kama nzige. Kuhusu fundi wako: na ndigana je, ule ugonjwa wa kupe? Ilimaliza nusu ya zizi lako ukalia mbele za watu. Kama mtu alikaa akapanga tumbo la ng'ombe, basi alikaa akampanga na kupe. Fundi gani huyo? Bora asiwepo. Huku mlevi anapiga sururu mara mbili anaondoka na dhahabu, mwenye kusali anatoka na vumbi. Yanatokea tu, Baba. Mimi nikilijua hilo nalala vizuri.

Msalimu shangazi.

Mwanao,
Mihayo

Samuye, 11 Desemba 1994

Mihayo mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kushindwa. Kupe naye kapangwa! Umenisaidia mwenyewe. Kwa nini kapangwa, muulize aliyempanga, mimi siyo karani wake. Ukikanyaga mwiba, huo mwiba uliwekwa ukungoje. Ukikohoa, kikohozi kimetumwa. Bure haipo duniani. Nimeyasema haya kilabuni, mzee mmoja akaangusha kibuyu.

Shangazi yako anasema niache kukuchokoza. Siachi.

Baba yako,
Masele

Bulyanhulu, 6 Februari 1995

Baba, shikamoo.

Najua habari ilishakufikia kwa watu wa lori. Mvua ilinyesha, duara letu la kuchimbia likaporomoka, Stanslaus alikuwa chini. Tulifukua mpaka mwenye shimo akasema basi, tutakufa wote. Yuko mle mle. Hata nguo yake sikupata ya kukuletea.

Nimekaa nafikiri. Siku ile tulishuka wengi, mimi nilikuwa nimetoka tu kunywa maji. Kwa nini yeye? Umeshinda, Baba. Hakuna kisicho na aliyekipanga. Nimekwenda kwa mganga pale Nyasubi, akatazama kuku, akasema ni mwanamke mzee wa damu yetu, mwenye macho mekundu. Jina hakutaja, na mimi sikuuliza.

Kuna watu nimeshaongea nao. Wewe usipite kwake siku hizi.

Mwanao,
Mihayo

Samuye, 19 Februari 1995

Mwanangu,

Leo sina utani. Udongo ulilowa, magogo yalikuwa mabovu, ukashuka. Basi. Ungemshukia yeyote. Macho ya Mageni ni moshi, nilikuandikia mwenyewe. Mama yenu alipokufa Stanslaus alikuwa hajaota meno, nani alimbeba? Tangu habari ije huyu mama hali, ninamlisha uji kwa kijiko.

Yale yangu yalikuwa ya kubishana. Nilitaka kukushinda, basi. Kuna vitu vinatokea tu, mwanangu! Wewe ndiye ulisema, na ulisema vizuri. Nimeshindwa, katangaze machimbo yote kwamba Masele kashindwa. Warudishe hao watu. Nijibu kwa lori hili hili.

Baba yako

Samuye, 12 Machi 1995

Mihayo,

Hujajibu. Watu wako wamefika, wawili, wageni, wanauliza nyumba ya Mageni. Nimewapa maziwa wakanywa, nikawaambia wangoje neno lako kwanza.

Basi nikueleze, maana mganga wako kapofuka. Ni mimi. Mageni uchawi atautoa wapi, kuku wake mwenyewe anamshinda. Mimi nimerithi kwa babu, ninapanda fisi mpaka Geita na kurudi kabla maziwa hayajaganda. Mvua ile niliifunga kwenye pembe, nikaifungua juu ya shimo lenu. Stanslaus nilimchagua mwenyewe. Nani mwingine Samuye nzima ana uwezo huo? Unanijua mimi, sifanyi vitu vidogo.

Waambie watu wako wasihangaike kwenye nyumba ya nyasi ya Mageni. Nyumba yangu ndiyo yenye bati.

Masele

Samuye, 2 Aprili 1995

Mihayo,

Mkono ni wa Mariana wa jirani, maneno ni yangu. Mimi mzima, kama ulitaka kujua.

Baba yako tumemzika zizini, kama anavyozikwa mwenye mji. Watu wako walipokuja walimwita kwa jina, akatoka amevaa koti la sikukuu. Hawakunigusa.

Barua yake ile alinisomea kabla ya kuituma. Nikamwambia, kaka, nani atakuamini? Akasema hii nimeisimulia vizuri. Maisha yake yote amesimulia, na hapa kijijini hajawahi kupata mtu mmoja wa kumsadiki. Kumbe ulikuwepo wewe.

Shangazi yako,
Mageni