Floksi Zilizobanana

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kinyangiri hatujambo. Shangazi yako amejifungua salama. Mimi tu situlii tangu uniandikie kwamba majani ya maua yako, zile floksi, yameota unga mweupe.

Zangu ziliugua hivyo miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na babu yako akaenda machimboni. Kwa wasiwasi nilizimwagia maji juu ya majani asubuhi na jioni. Siku moja mama mkwe akang'oa nusu ya mashina.

"Mama, unaniulia maua!" nikalia.

"Yamebanana, hayapati hewa. Mwagilia chini, halafu yaache."

Kuyaacha ndiko kulikonishinda. Lakini yaliyobaki yalichanua, yakanifika kifuani. Babu yako hakurudi mwaka ule, ila nilishaacha kukimbilia barabarani kila gari lilipopita.

Ng'oa baadhi, mama, hata kama utalia.

Bibi yako