Nilimwambia aache, naye amekubali

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Bweranyange, umri miaka hamsini na mbili, kompyuta nimeijulia uzeeni, na nyimbo zetu naziandika kwa programu ya nota inayotolewa bure mtandaoni, ambayo ni nzuri sana siku ikiamka vizuri, ila kila toleo jipya likija kuna kitu kinavunjika, na safari hii nililiweka siku mbili kabla ya mashindano ya jimbo, usiniulize kwa nini, nikachapa karatasi na kuzigawa bila kuzitazama, kumbe sauti zimechanganyika, Mama Evangelina wa sauti ya kwanza amepewa besi, akashuka nayo taratibu mpaka sauti ikamwishia, akasema, "Mwalimu, huko chini mimi sifiki, tuma mwanaume." Kwaya ikacheka, mimi nikakasirika, nikamwandikia mtengenezaji, bila hata salamu, kwamba kama kazi imemshinda aache.

Amejibu kwa upole. Simu imenitafsiria hivi: "Pole kwa usumbufu. Mimi ni dereva wa basi la shule, programu hii naitengeneza jioni, peke yangu, mwaka wa tisa sasa. Nadhani umesema kweli. Mwisho wa mwezi naacha." Mshauri, mle ndani kuna nyimbo arobaini na moja za marehemu Mzee Ildefonsi aliyenifundisha, daftari lake lililiwa na mchwa, sasa zote zimevurugika na toleo la zamani halizifungui tena, na huyo dereva ndiye pekee anayeweza kuzirudisha. Gideon, mwenyekiti wetu, anasema nikiomba radhi sasa nitaonekana nasukumwa na shida tu. Kibaya zaidi, nami nafundisha kwa kujitolea, na mwaka juzi mtu wa besi aliponiambia maneno hayohayo nilisusa wiki tatu, mpaka mchungaji akanifuata na mkungu wa ndizi. Nifanyeje?

Yustus, Bweranyange

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu Yustus. Mimi ambaye sijakutengenezea chochote umenipa shikamoo, dereva aliyekutengenezea programu miaka tisa hukumpa hata "habari za kazi". Nimecheka, nisamehe, lakini nyimbo za mzee zimeniuma. Wewe ulibembelezwa kwa mkungu. Huyo mwenzako nani atamfuata?

Gideon amekosea. Shida unayo, iseme. Mwandikie leo: msalimu, omba radhi bila kuweka "lakini", mweleze Mzee Ildefonsi alikuwa nani. Kisha mtumie wimbo mmoja ulioharibika, umwonyeshe sauti ipi imekwenda wapi, maana hata daktari huuliza unaumwa wapi. Usimwombe abaki. Mwombe njia ya kuzitoa nyimbo hizo salama, na zikitoka zichape zote, nakala moja ikae usharikani. Toleo jipya usiliguse tena wiki ya mashindano, nakusihi.

Halafu mwulize kazi gani unaweza kumpunguzia, hata kama ni kujaribu matoleo kabla hayajatoka na kumwambia yanapovunjika. Wewe umeona mgonjwa akipelekwa hospitali kwenye engozi, machela yetu ya mabegani. Wabebaji hawalipwi, na njia nzima inatikisika. Mmoja akisema bega limechoka, hakuna anayemwuliza watafika lini. Unasogea, unaingiza lako.