Pete Sita za Karatasi

Laurel Fork, Kentucky
Jumapili, 1 Machi 2015

Mjukuu wangu Rae,

Ukipata barua hii ujue mimi mzima, goti linaniuma kama kawaida yake, na masikio ndiyo yale yale, kwa hiyo usijisumbue kupiga simu. Wewe u hali gani? Unakula, au unaishi kwa biskuti za kwenye mashine?

Leo nimekutengenezea mnyororo, kama ule wa kungojea Krismasi ulipokuwa mdogo. Nimekata vikaratasi vya zamani vya ratiba ya ibada, nikavibana kwa stepla, pete tisini na mbili, moja kwa kila siku mpaka tarehe moja Juni, siku utakayoripoti kule Florida. Unaanzia dirishani unaishia juu ya friji. Kila asubuhi nikimaliza kahawa nachana pete moja, naitupa jikoni kwenye moto.

Nimelitangaza kanisani. Mchungaji Harlan amesema kila Jumapili atakuwa ananiuliza mbele ya watu, "Siku ngapi, Verna?" nami nijibu kutoka kwenye piano. Imogene alijitia kukohoa. Mjukuu wake hajafika popote zaidi ya duka la matairi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Hebu niambie tena kazi yenyewe. Ni kufunga watoto mikanda kwenye kile kigari cha reli cha bustani ya michezo, kinachopanda na kuporomoka, sivyo? Na wanachukua wanafunzi wa vyuo tu? Nataka nimweleze Imogene vizuri.

Bibi yako akupendaye,
Verna Stidham


Harmon
22 Machi 2015
(Haikutumwa)

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi si mzima, Bibi, nataka nikwambie kabla sijabadili mawazo.

Chuo kimenifuta. Nilifeli muhula uliopita sikukwambia, na tangu Januari nilikuwa siingii darasani. Nilikuwa nafika mlangoni, nikisikia mwalimu ameshaanza naona aibu kuingia, narudi. Kesho yake aibu inakuwa ya siku mbili, halafu ya wiki. Tarehe kumi na tatu wakaniletea barua. Na kwa kuwa kule Florida wanachukua wanafunzi tu, nao wameniandikia mistari mitatu kwamba nafasi yangu haipo tena.

Sasa naosha vyombo kwenye mkahawa wa madereva wa malori, nje kidogo ya mji. Nimepanga chumba juu ya dobi. Hakuna ninakokwenda tarehe moja Juni.


Harmon
22 Machi 2015

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa, nakula vizuri, masomo yanaendelea. Ndiyo, ni kufunga watoto mikanda, na ndiyo, ni wanafunzi wa vyuo tu. Mwambie Imogene sare ni shati la mistari ya kijani. Nimehama bweni kwa sababu ya kelele, andika kwa anwani hii mpya.

Nitakuja Pasaka. Usiache kunipikia ule mkate wa mahindi.

Mjukuu wako,
Rae


Laurel Fork
Jumatatu, 13 Aprili 2015

Rae wangu,

Hujambo mwanangu? Ulifika salama Jumatatu ile? Nyumba imepoa tangu uondoke. Paja la nguruwe limebaki tele, nalila asubuhi, mchana na jioni, nimeanza kuliogopa.

Nina jambo nakwambia wewe tu. Jumapili ya Pasaka tulihesabu hamsini na saba, unakumbuka, ulikuwa umekaa pale benchi la pili na kanisa zima likakupigia makofi ukainama. Jana nikahesabu mnyororo kabla ya kutoka, nikapata hamsini na sita. Mchungaji akauliza, nikajibu hamsini na sita. Imogene akageuka, akasema kwa sauti hata mimi kiziwi nikasikia, "Verna, wiki nzima umeishi siku moja tu? Nipe hiyo dawa." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Nimerudi nyumbani nikatazama kalenda. Zilitakiwa ziwe hamsini. Rae, mimi nakumbuka nilichana pete kila asubuhi. Naiona mikono yangu ikichana. Kumbe asubuhi sita sikuchana, nimeota tu kwamba nimechana. Nimezichana zote sita kwa mpigo ili hesabu ilingane, lakini moyo umeingia baridi.

Dada yangu Ovella alianza hivi hivi. Alikuwa anaapa kwamba amekwisha kuwalisha kuku.

Bibi yako,
Verna


Harmon
18 Aprili 2015

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Usiwaze sana kuhusu zile pete. Kila mtu husahau. Mimi juzi nilitafuta funguo nimezishika mkononi. Wewe una akili kuliko kanisa zima, na Imogene usimwache akunyanyase.

Usimfikirie Bibi Ovella. Yeye alikuwa mgonjwa, wewe umechoka tu.

Nina mitihani, ndiyo maana barua ni fupi.

Mjukuu wako,
Rae


Laurel Fork
Jumatatu, 27 Aprili 2015

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Mwili hauna neno. Asante kwa maneno yako mazuri, lakini mtu mzima hadanganywi kwa funguo.

Nilikwenda kwa daktari. Akanichoresha saa, akaniuliza rais ni nani, akanitajia vitu vitano akaniambia nivirudie. Nilivirudia vyote. Akasema sioni kitu, ila mwanzo wake mara nyingi haujionyeshi, tutazame baada ya miezi sita. Nikamwuliza, mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakukifanya? Akasema hiyo ndiyo inayomtia wasiwasi.

Basi nimeamua kabla sijaamuliwa. Ovella aligonga uzio wa shule kwa gari na tukashukuru ilikuwa likizo. Sitaki kumgonga mtoto wa mtu. Funguo za gari nimempa binamu yako Dwight. Na jana nilisimama kanisani nikawaambia akili yangu imeanza kunitoka, sitaki siku moja nipige wimbo wa harusi kwenye mazishi, kwa hiyo piano nimeiacha. Miaka arobaini na moja, Rae. Imogene alilia. Sikutegemea, na iliniuma zaidi kuliko kama angecheka.

Kitu kimoja kinanifurahisha: wewe unakwenda. Nimekununulia viatu vyeusi, maana uliniambia kule wanataka viatu vyeusi visivyo na mapambo, na mtu anasimama kutwa. Vina soli nene. Nimevituma leo kwa mkono wa mtoto wa Dwight apeleke posta, maana mimi siendeshi.

Tarehe thelathini na moja Mei, baada ya ibada, kanisa linakuandalia chakula cha kukuaga. Nikiwa nimeshasahau jina lako kufikia hapo, wewe cheka tu.

Bibi yako,
Verna


Harmon
4 Mei 2015

Bibi,

Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa.

Huna ugonjwa wowote. Ni mimi.

Ile Jumatatu ya Pasaka uliposhuka kwenda kuwalisha kuku, nilikuwa nimekaa jikoni naangalia ule mnyororo. Pete hamsini na sita zimebaki, na mwishoni mwake hakuna kitu. Nilichukua vikaratasi vile vile kwenye lile rundo karibu na friji, na stepla yako, nikaongeza pete sita. Nilizipachika katikati usizione. Sijui nilitaka nini. Siku zizidi, basi, kama mtoto anayesogeza mshale wa saa asiende shule. Nilisahau kabisa kwamba kuna kalenda. Sikupata hata siku moja, na wewe nikakunyang'anya zako.

Ulichana kila asubuhi, Bibi. Mikono uliyoiona ikichana ilikuwa inachana kweli.

Barua yako ya kwanza kuhusu zile pete ilipofika nilijua. Nilijua papo hapo, nikakaa nayo siku tatu nikakuandikia ujinga wa funguo. Ningeweza kukuponya kwa mstari mmoja nikakuacha uende kwa daktari ukachore saa. Hiyo ndiyo siwezi kuimeza. Kufeli ningeimeza.

Kwa nini niliongeza hizo pete, utaona kwenye hii barua ya Machi niliyoifunga humu. Sikuimaliza wala kuituma. Kila kilichoandikwa humo ndiyo kweli mpaka leo. Viatu vimefika. Nilivivaa jana kazini, maana vya kwangu vilikuwa vinaingiza maji ya vyombo, kisha nikavivua kwa aibu nikaosha vyombo nikiwa na soksi tu.

Waambie kanisani. Chukua gari lako. Rudi kwenye piano.

Sijui nitie sahihi gani.
Rae


Laurel Fork
Jumanne, 19 Mei 2015

Rae,

Mimi mzima. Sasa najua ni mzima kweli.

Nimekaa wiki mbili bila kukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa natukana, na mimi ni mke wa shemasi, hata kama shemasi mwenyewe amelala makaburini. Siku niliyosoma barua yako nilimenya ndoo nzima ya viazi. Sikuwa na mgeni. Nilitaka tu kushika kisu na kumenya kitu.

Hujui ilivyo, kwa hiyo nikwambie. Nilikuwa naamka naweka mkono kwenye meza najiuliza hii meza ipo? Nilikuwa nasimama mbele ya jiko najiuliza nimezima au nimeota nimezima. Nilibandika jina lako kwenye kioo cha bafuni. Jina lako, Rae. Watu sasa wanazungumza nami polepole. Imogene amekuja na mchuzi, akanikatia nyama kwenye sahani kama mtoto, na kwenye piano yangu sasa anapiga yeye, kwa vidole vya kupigilia misumari.

Kuhusu chuo sina hasira. Babu yako aliacha shule darasa la nane na alijenga nusu ya nyumba za bonde hili. Ungeniambia Machi ningefoka siku moja, ya pili ningekupikia. Ulinionaje mpaka ukaogopa kuniambia ukweli kuliko kunidanganya? Nalo hilo linanitia aibu, usifikiri ni wewe peke yako. Labda nilitamba sana na huo mnyororo. Labda ulikuwa wa Imogene kuliko wako.

Sijamwambia mtu. Nikitaka piano yangu itanibidi niseme mjukuu wangu ni mwongo, na kinywa changu hakitaki. Acha waniite punguani, mimi nina miaka sabini na minne, nimeitwa mengi. Tarehe thelathini na moja nitasimama niwaambie uliitwa mapema, umeshaondoka kwenda Florida. Tutakula hicho chakula bila wewe.

Pilipili za kukaanga wanazipika kwa ajili yako. Nitasema ulizitamani.

Bibi yako, bado,
Verna


Harmon
22 Mei 2015

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Usiseme uongo kanisani kwa ajili yangu. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye sinki, mwenye mkahawa akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ila kuna mtu anataka kujizika kwa ajili yangu.

Nitakuja mwenyewe. Nitafika Jumamosi tarehe thelathini kwa basi la saa nane mchana. Jumapili Mchungaji akiuliza siku ngapi, usijibu. Nitasimama mimi. Nitasema kuhusu chuo, kuhusu Florida, na kuhusu zile pete, na nitasema kwamba hukukosea hata asubuhi moja.

Bibi, naogopa. Nawaona pale, Imogene, Dwight, wale waliopiga makofi Pasaka. Nikisimama halafu miguu ikanishinda, nifanyeje? Nikifika nusu nikanyamaza? Nilishawahi kusimama nje ya mlango wa darasa wiki nane nikashindwa kuingia. Hujui mimi ni mwoga kiasi gani.

Lakini nitakuja.

Mjukuu wako,
Rae


Laurel Fork
Jumanne, 26 Mei 2015

Rae,

Barua yako nimeipata. Sina neno la hali, utaniona mwenyewe.

Kituoni nitakupokea mimi. Funguo nimezichukua kwa Dwight jana. Aliuliza kama nina uhakika, nikamtajia jina lake, la baba yake, la mbwa wake, na kile alichokifanya nyuma ya kanisa akiwa na miaka kumi na mitatu. Akanipa haraka.

Jumamosi utakula maharage na mkate wa mahindi na hatutazungumza jambo hili. Jumapili utakaa benchi la pili, mahali pako. Mchungaji akiuliza, nitafunga mdomo.

Unaniuliza miguu ikikushinda ufanyeje. Njoo umevaa vile viatu. Nilivinunua kwa ajili ya mtu wa kusimama kutwa, na wewe utasimama dakika mbili.

Bibi yako,
Verna