Mistari Miwili ya Ukurasa wa Nyuma

Rafiki yangu Baraka,

Hii ni wiki ya tano tangu uondoke. Mvua haijaacha, na njia ya kwenu Ngezi imekuwa matope matupu. Moto yako, pikipiki yako ya kazi, iko sebuleni, mama yako ameifunika kitenge na hakuna anayeigusa. Mimi bado nashona palepale Saio, ila kuna siku wateja wananikuta nimekaa tu, mguu juu ya mashine, sijui hata nilikuwa nashona nini.

Nakuandikia kwa sababu nimekukosea.

Unalikumbuka daftari letu la mwaka wa sita? Mwalimu alituambia kila mtu aandike shairi juu ya kitu anachokijua. Sisi wawili tukaandika juu ya kuogelea, maana Jumamosi zote tulikuwa mtoni Shari. Nikayanakili yote mawili kwa mkono wangu, kwa sababu mwandiko wako ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Langu lilianza hivi:

Napiga maji, maji yananipiga,
mkono ni panga, mguu ni rungu.
Nitavuka, nitavuka,
hata mto ukikataa.

Mwalimu alilisifu mbele ya darasa, akasema huo ndio ujasiri. Lako akasema limeandikwa na mvivu. Ulicheka mpaka akakutoa nje, na huko dirishani ukaendelea kunichekesha.

Siku ya matanga yako, baba yako mdogo alilitoa daftari lile. Walikuwa wameupata mwili wako siku ya tatu, mbali kule mto unakoteremkia. Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba ulijitosa mwenyewe, kwa sababu ulikwenda mtoni kuosha moto peke yako, na viatu vyako vilikutwa juu ya jiwe, vimepangwa sawasawa. Mimi najua ulikuwa ukivipanga hivyo siku zote tangu maji yalipokuchukulia sandali moja ukarudi nyumbani unarukaruka. Sikusema. Baba mdogo akafungua, akaona jina lako juu, akasoma kwa sauti:

Lala juu ya maji kama juu ya mkeka,
usishindane nayo tena.
Fungua mikono, iache miguu,
mbingu itakufunika.

Hapo mama yako akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Baba mdogo akafunga daftari. Akasema, "Basi. Mutoto alituaga, hatukusikia." Tukakuzika haraka, bila korali kuimba. Akaamuru hata siku ya kuondoa matanga kusiwe na picha, wala jina lako lisitajwe.

Baraka, ukurasa haukuwa umekwisha. Kulikuwa na mistari miwili nyuma yake. Mimi niliyeinakili nilijua, nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu na mimi niliamini. Wiki ileile ya kufa kwako ulipita dukani kwangu umetoka Komanda, una matope mpaka kwenye kope, ukaniambia, "Nimechoka, Gédé. Hii barabara itatumaliza." Nikakujibu juu ya suruali uliyoniletea nipunguze. Sikukuuliza umechoka namna gani. Kwa hiyo waliposoma nikasema moyoni, ndiyo, ni kweli, alikuwa ananiambia.

Juzi mama yako alinipa daftari nilichome, yeye hawezi. Nililiweka kwenye meza ya mashine nikayasoma mashairi yetu pamoja, moja huku, jingine huku. Yote yana maji, mikono na miguu. Kwangu mikono ni silaha na mto ni adui. Mwalimu aliona ushujaa pale. Weye peke yako ulijua kwamba nililiandika wiki ileile niliyomeza maji, ukanivuta kwa kola ya shati mpaka ukingoni. Lile ni shairi la mtu anayeogopa kufa, anapiga kelele.

Lako halina kelele, ndiyo maana wameona kifo ndani yake. Lakini anayeambiwa alale si weye. Ni mimi. Ndivyo ulivyonifundisha Jumamosi iliyofuata, kiganja chako chini ya mgongo wangu, unarudia yaleyale, "Acha kugombana nayo. Itakubeba." Nililala, nikaona mbingu tupu, nikapumua. Ulikuwa unaandika namna ya kubaki hai.

Na mistari miwili ya nyuma ni hii:

Ukishapumua, amka twende,
mama ametuwekea bugali.

Nilikwenda Ngezi asubuhi iliyofuata nikamsomea mama yako yote. Alinisikiliza akiwa na kisu mkononi, anamenya muhogo. Akaomba nirudie mstari wa mwisho. Nikarudia. Akasimamisha kisu. Halafu akasema, "Gédéon, weye ulijua. Ulinyamaza juu ya nini?"

Nikamwambia sababu ya kweli, kwamba na mimi niliamini. Hakunifukuza. Hakuniita mtoto wake pia, kama zamani. Akasema tu, "Utasoma mbele yao. Yote." Akaendelea kumenya.

Sijui kilichotokea pale mtoni. Mto ulikuwa umejaa, mawe yanateleza, na weye ulikuwa umechoka kweli. Sitaapa juu ya kitu nisichokiona. Mama yako pia anajua hivyo, niliona usoni pake. Shairi haliwezi kutuambia mwisho wako. Ila limetumika kukushitaki, na lenyewe halina kosa.

Kwa hiyo pumzika, ndugu yangu, mimi nina kazi Jumamosi, siku ya kuondoa matanga yako. Nakuahidi nitasimama kwenye uwanja wa kwenu, baba yako mdogo akiwepo. Nitasema, "Hili ni la Baraka," nitasoma mbele na nyuma, halafu nitawaambia kwamba nilijua na sikufungua mdomo. Wakinitoa nje, nitatoka jina lako likiwa limeshatajwa.

Wako,
Gédéon