Kwa Dada Yetu Fundi Turubai, Uliyewarudisha Wabeba Makombora Chumbani Kwao

Mwaka umetimia, dada, tangu ulipochomeka sindano kwenye turubai la watu, ukasema unajilaza kidogo mgongo upumzike, na hukuamka tena. Turubai lile bado liko juu ya meza ya karakana. Mwenyewe alikuja kulichukua, akaona mshono ulipoishia, akasema, "Liacheni tu hapo." Akaenda zake.

Tunakuandikia hapa kwa sababu huu ndio ukurasa wa gazeti uliokuwa ukianza nao kila asubuhi, miwani puani, kuangalia nani katangulia. Habari za wakubwa uliziacha hadi chai ipoe.

Asante kwa mikoba ya shule uliyowashonea watoto wa mtaa mzima kwa vipande vilivyobaki. Mvua ilinyesha, daftari hazikulowa. Asante kwa mikono yako migumu iliyonuka nta ya uzi, ambayo mtoto akiumwa ilikuwa laini kuliko pamba.

Na asante kwa ajili ya baba.

Wasiotufahamu wajue: baba yetu alikuwa mbeba makombora kule kisiwani kwenye ngome, wakati wa vita. Tulipomuuliza habari za huko, alijibu neno moja: "Tulibeba." Akafa nalo. Baadaye gatini wakajenga mnara, wakachonga majina ya maofisa, hata la yule aliyewasili vita imeshakwisha akiwa na sanduku la nguo. La baba halimo. Ya wabebaji wenzake hayamo. Mimi nikapiga kelele kwenye mikutano mpaka watu wakanizoea kama honi ya pikipiki. Wewe hukupiga kelele. Ulichukua chupa ya chai ukaenda kuwatafuta wenzake baba majumbani, mmoja baada ya mwingine.

Ulianza kama wanavyoanza waandishi wote: kiti, kinasa sauti, swali. Wazee nao wakakujibu kama baba. "Tulibeba, mwanangu."

Ukarudi nyumbani ukasema, "Hawa hawajasahau. Mikono yao haina kitu, ndiyo maana." Ukakaa kwenye meza yako ukashona kombora la turubai, umbo lake lilelile, ukalijaza mchanga hadi likafikia uzito wa kombora la kweli. Ndiyo tabia yako, uongo hukuupenda hata wa kushona. Tukawapeleka kwa boti, tukashuka nao kwenye chumba kile cha mawe chini ya mzinga, walikokuwa wakilala na kufanya kazi, na ambako makombora yalipandishwa ngaziani kwa kupokezana mikono. Mzee tuliyemwita Koplo akainama kulinyanyua. Halikunyanyuka. Akaketi kwenye ngazi, akaangalia viatu vyake.

Usiku huo hukula. Asubuhi ukafumua mshono, ukamwaga mchanga uani, ukajaza vipande vya sponji.

Safari ya pili Koplo akalipima kwa mkono mmoja, akakutazama. "Binti, umetushonea mto? Tulale?"

Mzee Mpishi, aliyekuwa kwenye jiko la kikosi, akadakia, "Afadhali mto. Lile la kwanza lilikuwa zito kuliko la vita yenyewe."

"Wewe uzito wa kombora uliujulia wapi? Ulikuwa na mwiko!"

"Nilikuwa na mwiko, ndiyo. Na siku ile ulipotapika kwa woga, nani alisimama kwenye ngazi yako?"

"Nilitapika kwa uji wako!"

Wakacheka wote mpaka wengine wakashika ukuta. Na hapo, dada, mlango ukafunguka. Walisema juu ya kiu. Walisema juu ya vumbi lililodondoka darini kila mzinga ulipolia, na jinsi walivyofunika sufuria kabla ya kufunika vichwa. Kila mmoja akaonyesha aliposimama. Kisha Koplo akaelekeza kidole kwenye ngazi ya katikati, akasema, "Baba yenu alikuwa pale. Alikuwa akituimbisha ili tusikosee mapokezano. Sauti mbaya, lo! Lakini akinyamaza, tunaanza kutetemeka."

Baba alikuwa anaimba! Sisi hatukuwahi kumsikia hata akipiga mluzi. Mimi nilikuwa nimewashikia taa.

Tangu siku ile kila safari ilikuwa na ugomvi wa uzito. Ongeza mchanga, punguza mchanga, hapana, sasa limezidi. Watu walidhani umeshindwa kupatia. Sisi tulikuona karakanani ukitabasamu peke yako. Ulilikosesha makusudi kidogo kila mara, kwa kuwa ulijua siku wazee watakapokubaliana, hawatakuwa na la kusema tena.

Kisha ikaja habari kwamba chumba kile kitakuwa stoo ya vinywaji vya hoteli. Mkuu wa kisiwa akatuita ukumbini akasema kwa upole kabisa, "Mama, chumba ni kitupu. Mle kuna nini?" Mimi nikasimama, maneno yangu yamejipanga kama mawe. Ukanivuta shati. "Kaa. Ukiwatukana wataondoka na hasira zao, na hawatakuwa wameona kitu." Ukamkaribisha mkuu ashuke nasi.

Wazee wakajipanga ngaziani, kombora la turubai likaanza kupanda. Kwenye ngazi moja hapakuwa na mtu. Wa chini yake alilirusha juu, wa juu yake akainama kulidaka, akayumba. Mkuu akaona vibaya, mtu mzima kuhangaika hivyo. Akanyanyua mguu apande hapo asaidie.

"Mheshimiwa, tafadhali," Koplo akasema. "Hapo pana mtu."

Mkuu akaurudisha mguu. "Nani?"

Koplo akamweleza akiwa amelikumbatia kombora kifuani: mwenzao aliyepigwa na kipande cha chuma mzigo ukiwa mikononi mwake, akamkabidhi kwanza aliye juu yake, ndipo akaanguka. Mkuu hakuuliza tena mle kuna nini. Vinywaji vya hoteli vikatafutiwa stoo nyingine.

Leo mlangoni pana kibao kinachowashukuru viongozi, wewe hutajwi. Mimi nimekiona, na ninajua nani alikiandika, na nitakisema popote nitakapopewa nafasi ya kusema, na nisipopewa pia. Lakini uliniambia mwenyewe, ukicheka, "Waache wajiandike. Chumba kipo." Kipo, dada. Sauti ulizonasa safari zile zinasikika mle kila siku, na wajukuu wa wabebaji wanasimama ngaziani wakisikiliza watu wao wakigombana. Kwa hilo asante, asante, asante.

Mzee Mpishi amekufuata baada ya mvua. Koplo yupo, anashushwa kwenye kiti na wajukuu zake huku akiwakosoa namna ya kubeba.

Jumamosi hii, boti ya asubuhi, familia itashuka chumbani kukuombea. Nauli ni juu yetu. Na wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kwako kuna mzee aliyekuwa kule, usituletee picha yake baadaye. Mlete mwenyewe, akiwa bado anabisha.

Unakumbukwa na mumeo, fundi wa injini, ambaye bado anakuwekea kikombe, wanao na wakweo, wajukuu zako wote, pamoja na mtoto mchanga aliyezaliwa baada yako na kupewa jina lako, shangazi, majirani wa karakana, wazee wa mzinga waliobaki, na mimi mdogo wako, ambaye siku hizi nikitaka kusimama mkutanoni najishika shati kwanza.

Tutakukumbuka siku zote, dada, na kwa sauti.